Ukuta Uliokataa Udongo

Hii ni wiki yangu ya tisa nyumbani na tayari nimezibua mfereji ambao haukuwa umeziba. Banda la kuku nimelihamisha mara mbili. Nilistaafu mapema, kwa hiari yangu, nikidhani nimechoka. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na bado ana miaka yake ya kazi mbele, aliniambia juzi asubuhi akifunga viatu kwamba akirudi akute nimeligusa banda hilo tena, kuku wenyewe wataandika barua ya malalamiko. Kwa hiyo nimeketi kuandika.

Nekesa, aliyechukua dawati langu katika ofisi ya utamaduni Bungoma, aliniomba niwaachie maneno machache ninyi mnaobaki: kazi ilikuwaje, kitu gani cha kuangalia. Nilimwahidi kurasa mbili. Kisha wiki iliyopita akapiga simu kuuliza swali moja, na tangu hapo sijaweza kukaa kwenye kiti hata muda wa chai kupoa.

Alikuwa akipitia daftari langu la kuta. "Mzee," alisema, "hii namba arobaini na moja, ya Bumula. Umeandika 'Imehifadhiwa'. Na hakuna ingine umeandika hivyo, daftari nzima. Si niende niione?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Jibu ni hili, na ni refu kuliko alivyouliza, kwa sababu neno hilo moja nusura limwaibishe mjane mbele ya wakwe zake, na mimi ndiye niliyeliandika, tena kwa mwandiko mzuri.

Vyeo sitavitaja. Viko kwenye faili, na faili mnajua liko wapi: chini ya lile lingine.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Kitale, nikiwa nimevaa suti. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sanaa, pamoja na tasnifu kuhusu kuhifadhi michoro ya ukutani katika nchi ambazo sijawahi kuzikanyaga, ambako kuta ni za mawe. Mkuu wangu alinionyesha dawati, akanionyesha dirisha, na nje ya dirisha malori yalikuwa yamepanga foleni yakisubiri kushusha mahindi. Akanieleza kwa upole kwamba hapa hakuna wasanii, hapa ni mahindi. Kazi yangu ingekuwa kusajili vikundi vya ngoma na kuhakikisha vimefika uwanjani kabla ya mgeni wa heshima. Nilikaa kwenye dawati hilo siku tatu. Ya nne nikatoka nje kutafuta wasanii, na kusema kweli sikurudi tena kukaa. Miaka yote iliyofuata nilikuwa napita tu kusaini.

Ukitaka kuwajua wachoraji wa mji, usiulize wachoraji wako wapi. Utaambiwa hawapo. Uliza nani alichora ng'ombe wa bucha. Kitale ilikuwa na ng'ombe wengi kwenye kuta za bucha, wote wakitabasamu, jambo ambalo sijaweza kulielewa nikijiweka mahali pa ng'ombe. Mmoja tu hakutabasamu. Alikuwa amegeuza kichwa akiutazama mlango, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa ndani. Nilisimama mbele yake mpaka mwenye bucha akadhani mimi ni mtu wa afya, akaanza kufuta meza. Alipogundua namtaka mchoraji tu, alinielekeza kwa kisu: nenda mpaka kinu cha unga, utaona mzee juu ya ngazi.

Huyo ndiye Mzee Njoroge. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka kati ya nchi kuja kulima. Yeye alikataa jembe akashika brashi, na nusu ya maneno uliyoyasoma ukipita Kitale enzi hizo yaliandikwa na mkono wake. Siku hiyo alikuwa akichora hindi lenye urefu wa mtu. Mkono wa kulia ulishika brashi. Wa kushoto ulishika fimbo iliyofungwa kitambaa kwenye ncha, ncha hiyo imeegemea ukutani, na mkono wa brashi ukatulia juu ya fimbo bila kugusa rangi mbichi. Hakushuka.

"Wewe ni wa kanjo?" aliniuliza.

Nilimwambia hapana, si wa baraza la mji, mimi ni wa utamaduni. Akafikiri kidogo.

"Hiyo ni tabu ingine mpya?"

Nilimfuata miezi mingi, nikimshikia ngazi, na kila nilichokuja kukijua kuhusu kuta nilikijua chini ya ngazi hiyo. La kwanza ni hili. Kabla ya kuandika herufi hata moja, Mzee Njoroge aliweka kiganja ukutani, akafumba macho, akasema Baba Yetu kimoyomoyo, yote, bila haraka. Nilidhani ni uchaji wa Mungu, nikamwambia hivyo, na alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Sala ilikuwa saa yake. Kiganja kikikaa muda wa Baba Yetu nzima, ukuta hujieleza. Ukikitoa kikavu, fungua rangi. Ukikitoa kina unyevu, maji bado yanatoka, funga mkebe urudi wiki ijayo. Ukipaka kwa nguvu unayafungia maji ndani, nayo yakikosa njia yatatoka na rangi yako.

"Wengi wanatoa mkono wakifika kwa 'mkate wetu'," alisema. "Halafu mvua ikinyesha wanasema rangi ni feki."

Niliandika hayo kwenye kijitabu. Kuandika ilikuwa njia yangu ya kutoyafuata.

Daftari la kuta lilianza wakati huo, na serikali za kaunti zilipokuja nikahamishwa nalo hadi Bungoma. Nilichora safu tano kwa rula: Mahali, Mchoraji, Upana, Mwaka wa Kuchorwa, Hali. Mtaona safu ya Mchoraji ina mapengo mengi. Wachoraji wetu wengi hawasaini majina, husaini namba ya simu, na namba nyingi zilikuwa zimeshapewa watu wengine. Niliwahi kumpongeza kwa dakika tano nzima mama muuza samaki kwa ajili ya simba wa baa ambaye hajawahi kumwona. Alipokea pongezi. Alisema ni vizuri mtu kukumbukwa.

Kesi ngumu zilikuwepo. Shule moja ilichorewa ramani ya Kenya ambayo Bungoma ilikuwa imefika karibu na Nakuru. Mwalimu mkuu aliniita kama mtaalamu nitoe uamuzi. Mchoraji alijitetea kwamba alianzia nyumbani na ukuta ukamwishia. Nilipima, nikatikisa kichwa kisomi, nikaandika Hali: Nzuri. Kuna lile jumba la sanaa pia, ambalo mimi na wachoraji sita tulilifungua Kitale ndani ya ghala lililokuwa tupu. Lilikuwa tupu hadi mavuno. Mwenye ghala alituomba radhi, magunia yakaanza kuingia, na kwa wiki tatu yakapanda ukutani kuzifuata picha. Ni wakati huo picha zilipoangaliwa hasa, maana wapakiaji hawakuwa na pengine pa kutazama, na walikuwa na maoni makali sana kuhusu masikio ya tembo.

Sasa Bumula. Tairi la pikipiki ya ofisi lilitoboka, nikawa naisukuma kuelekea sokoni, nikaona nyumba ya udongo iliyoezekwa mabati, imekaa nyuma ya migomba, na nikaacha kusukuma. Ukuta wa mbele ulikuwa mweusi kutoka chini hadi usawa wa goti. Juu ya hapo ulikuwa mwekundu, ule wekundu wa udongo wa kichuguu. Na juu ya wekundu kulikuwa na mistari myeupe iliyokwenda mitatu mitatu, ikipanda, ikiinama juu ya dirisha, ikishuka upande wa pili, na katikati yake madoa, kila doa sawa na ncha ya kidole. Hakuna brashi iliyokuwa imegusa hapo. Ilikuwa mkono wa mtu mmoja aliyejua anakokwenda.

Mama alitoka jikoni akijifuta maji. "Karibu, papa," alisema, kama wamama wa kwetu wanavyowaita wana wao. "Ni maji unataka ama ni njia?"

Huyo ni Mama Nafula. Mumewe alisimika nguzo za nyumba ile na kuisuka fito, yeye akaijaza udongo, na mumewe alipofariki aliendelea kuikandika na kuichora kila Desemba, kabla watu hawajarudi nyumbani kwa sikukuu. Alinieleza hayo kwa kifupi, kwa namna ya mtu anayemweleza mwingine kwamba kila asubuhi hufagia. Nilipima upana, nikampa namba arobaini na moja. Kwenye safu ya Mwaka wa Kuchorwa niliandika mwaka ule. Aliniuliza kwa nini nimeandika mmoja tu. Nilimwambia fomu ina nafasi ya mmoja.

Lazima mjue kwamba mimi nilizaliwa katika nyumba kama hiyo, si mbali na hapo. Mama yangu aliikandika kila mwaka, na mimi nikichota maji. Yote hayo niliyajua kwa miguu na mikono kabla ya kujua kusoma. Nilihitaji chuo kikuu ili niyasahau.

Binti yake, Nafula, alikuwa na mkono wa mama yake ila alitaka herufi. Nikampeleka kwa Mzee Njoroge Kitale ajifunze uandishi wa mabango. Baada ya miezi michache mzee alinipigia akasema, huyu msichana husema Baba Yetu mpaka mwisho. Kwake hiyo ilikuwa shahada. Mwaka uliofuata akataja, kama jambo la pembeni, kwamba kitinda mimba wake, Kimani, siku hizi anafika karakana mapema bila kuitwa. Mimi, kwa elimu yangu yote, nilidhani kijana ameipenda kazi.

Wakati huo tukaarifiwa kwamba wageni kutoka makao makuu wangekuja kuona urithi wa kaunti, na niandae mahali pamoja pa kuwapeleka. Moja kwa moja niliiwaza namba arobaini na moja. Mawingu yalikuwa yameanza kujaa upande wa Mlima Elgon. Nilipata wasiwasi kwamba mvua ya upepo ingeulamba ukuta ule kabla hawajafika. Ndipo tasnifu yangu ikaamka. Nilikwenda duka la vifaa mjini nikanunua vanishi, ile angavu ya kupaka makochi, nikaibeba hadi Bumula na kumweleza Mama Nafula kuhusu uhifadhi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Itakaa hivi miaka mingapi?"

"Kumi, Mama. Labda zaidi."

Akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi. "Na Desemba mimi nitafanya nini?"

"Utapumzika."

Alipitisha kidole juu ya doa moja jeupe. Nilidhani ni furaha. "Haya," alisema. "Si wewe ndio umesoma."

Nilipaka matabaka matatu. Kiganja sikuweka. Ukuta ulionekana mkavu na wageni walikuwa waje Alhamisi. Rangi zilinoga, nyeusi ikawa nyeusi zaidi, nyeupe ikang'aa, nami nikapiga picha nikasimama njiani kuitazama kazi yangu mpaka mbuzi wakanizunguka. Jioni hiyo niliandika neno lile kwenye safu ya Hali. Wageni hawakuja. Walituma barua ya kuahirisha, kisha wakaacha hata kutuma barua.

Simu ilikuja Desemba, Jumanne, nikiwa Kitale kwa shughuli za sherehe. Ilikuwa Mama Nafula. Hakusalimu.

"Kuja uone kitu yako," alisema, akakata.

Maji ya ardhini yalikuwa yamepanda ndani ya ukuta msimu mzima, kama yanavyopanda katika kila ukuta wa udongo, na kila mwaka hutoka polepole kwa mbele. Safari hii yalikuta mlango umefungwa. Vanishi ilikuwa imegeuka nyeupe kama maziwa yaliyomwagwa, na chini yake udongo umevimba malengelenge makubwa kama sufuria. Mengine yalikuwa yamepasuka. Mistari ile mitatu mitatu ilining'inia kwa vipande, kama ngozi baada ya kuungua. Mama Nafula alichota udongo mpya kutoka kwenye ndoo ya karibu, akaukandamiza ukutani kwa nguvu mbele ya macho yangu. Ulikaa kidogo. Kisha ukateleza taratibu, ukashuka, ukatua juu ya kiatu changu.

"Umefunga ukuta mdomo," alisema. "Sasa itapumua wapi?"

Hapo ndipo aliponiambia habari ya pili. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja, kumposa Nafula, na mkwe mwenyewe ni Mzee Njoroge.

Wageni wa namna hiyo huanza kuisoma nyumba wakiwa bado getini, na nyumba ya mjane huisoma mara mbili. Mama Nafula hakuwa na gari la kuonyesha wala kochi jipya. Alikuwa na mkono wake, na mkono wake ulikuwa ukutani, chini ya vanishi yangu, ukioza. Na huyu hakuwa mkwe wa kudanganywa.

Nilijaribu, hata hivyo. Nilipendekeza turubai. Nikapendekeza rangi ya maji ya dukani, rangi moja tu, ya krimu. Nikapendekeza hema la wageni lisimamishwe karibu kabisa na nyumba, kwa kivuli. Nilikuwa nazunguka ua ule kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Papa," alisema. "Mwenye anakuja kazi yake ni kuta. Utamwambia asiangalie?"

Nilirudi ofisini kujaza fomu ya likizo ya siku nne. Mahali palipoandikwa Sababu niliandika "kukwangua". Mkubwa alisaini bila kusoma, namshukuru. Jumatano asubuhi nilikuwa ukutani na panga butu pamoja na Mama Nafula na majirani zake wawili, tukibandua vanishi vipande vipande pamoja na udongo ulioshikana nayo, mpaka kwenye fito. Nilibandua mistari ile kwa mkono wangu. Sitaki kusema zaidi kuhusu hilo.

Majirani walinistahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha mmoja akauliza kama serikali imeishiwa na kazi za wanaume.

"Wacha afanye, bana," mwenzake akamjibu. "Si ni yeye alipaka nyumba ya watu mafuta kama chapati."

Kukandika ni kazi ya wanawake kwetu, na ni kazi yenye akili. Udongo wa kichuguu, samadi mbichi, jivu lililochekechwa, maji kwa kipimo ambacho hakiko popote ila katika mkono. Mama Nafula alinipa kona ya chini upande wa jikoni, chini ya goti, ambako wakaguzi ni kuku. Nilisukuma udongo kwa nguvu na udongo ukarudi. Alinitazama kwa muda akiwa amesimama nyuma yangu.

"Mkono yako inapigana," alisema. "Usisukume. Peleka."

Nilipeleka. Kona yangu ilitoka kama uso wa mtu aliyeamshwa vibaya, lakini ilishika.

Ijumaa alasiri tabaka la mwisho lilikamilika. Mkanda mweusi wa chini tuliuwahi. Lakini udongo mweupe hauwekwi juu ya ukuta mbichi, na ukuta ule ulihitaji angalau wiki mbili. Nilileta majiko mawili ya makaa niyapange mbele yake. Mama Nafula aliyazuia. Ukuta ukikaushwa kwa moto, alisema, utapasuka wageni wakiwa mezani. Akanawa mikono, akasema basi, ndivyo ilivyo, akaenda kuchagua mchele.

Kwa hiyo Jumamosi nyumba ile ilisimama tupu, kahawia, na unyevu, bila hata mstari mmoja, kwa mara ya kwanza tangu ilipojengwa. Asubuhi Mama Nafula alizunguka akipanga viti. Aliliondoa benchi lililokuwa ukutani kando ya mlango. Nilipomuuliza kwa nini, maana lingesaidia kuficha kidogo, alisema linasumbua.

Wageni walifika kumi, watu wazima wa kanisa lao mbele, Mzee Njoroge amevaa kofia na koti la heshima, Kimani nyuma akionekana kama amemeza kijiko. Mimi nilikuwa nimehesabiwa mshenga, kwa kuwa ndiye niliyezikutanisha nyumba hizi mbili, nikawa nimesimama karibu na tangi la maji na birika mkononi. Salamu zilipigwa. Shemeji yake Mama Nafula, aliyekuwa na hotuba aliyoiandaa wiki nzima, akasafisha koo. Lakini Mzee Njoroge alikuwa ameshauona ukuta.

Alivua kofia. Akaenda moja kwa moja hadi kando ya mlango, mahali benchi lilipokuwa, akaweka kiganja cha kulia ukutani na kufumba macho.

Hakuna aliyejua la kufanya, ila sisi wachache. Watu wa kanisa waliinamisha vichwa wakidhani ni maombi ya nyumba, na nadhani hawakukosea sana. Nilimwona Nafula mlangoni katika gauni lake jipya, midomo ikimchezacheza. Alikuwa akiisema sala pamoja naye, kwa mwendo wake. Sijawahi kusikia Baba Yetu ndefu hivyo, na hakuna hata neno moja lililotamkwa. Kwa hesabu zangu, walipofika "utusamehe makosa yetu" mimi nilikuwa nikiangalia birika.

Mzee akatoa mkono. Ulikuja na udongo. Na pale ulipokuwa, kando ya mlango ambao kila mtu angepita, palibaki kiganja chote, vidole vitano vimezama hadi kwenye kucha. Aliutazama mkono wake, kisha ukuta, kisha mkono. Nimemwona mzee huyo akining'inia juu ya barabara kwenye ngazi iliyobakiwa na vidato vitatu na hajashtuka. Sasa alishtuka. Amekuja kumwomba mtu binti yake na kitu cha kwanza alichofanya ni kumtobolea nyumba.

"Haijakauka," alisema kwa sauti ndogo.

"Haijakauka," Mama Nafula alikubali. "Na wewe umeweka mkono."

"Nimeharibu, mama."

"Umeharibu." Aliliacha neno likae. "Basi utarudi utengeneze. Januari, ikikauka. Ukuje na mama ya Kimani. Si mtu hawezi kuharibu kwa watu halafu asirudi."

Kisha mama mmoja wa upande wa wageni akaanza kucheka, akafuatwa na wengine, na Mzee Njoroge mwenyewe mwishowe, akiwa ameunyanyua mkono wake wa udongo pembeni asiuchafulie koti. Hotuba ya shemeji ilipotea na hakuna aliyeiulizia. Waliingia ndani wakiwa tayari ni watu wa kurudi, na kila kilichojadiliwa siku ile kilijadiliwa na mwenyeji aliyeketi vizuri na mgeni aliyekuwa akinawa.

Mpaka leo sijui kama Mama Nafula alipanga. Nakumbuka tu lile benchi.

Baada ya chakula mzee alikuja upande wangu wa tangi. Hakuuliza habari za kazi. Alitazama kucha zangu, akaenda akatazama ile kona ya jikoni, akarudi.

"Vanishi?"

"Ndiyo, mzee."

"Ngapi?"

"Tatu."

Alijifuta mkono kwa leso polepole, kidole baada ya kidole. "Wewe ulisema Amina mapema," akasema, akaniachia hapo na birika langu.

Alirudi Januari, na mkewe, akaziba kiganja chake kwa udongo aliouchanganya Mama Nafula, kisha akaketi kwenye benchi lililorudishwa mahali pake akamtazama akiweka mistari myeupe. Aliporudi Kitale alinipigia kuniambia kwamba maisha yake yote amekuwa akitumia fimbo kutuliza mkono na yule mama hatumii kitu. Nafula na Kimani walioana. Karakana ya Kitale sasa ni yao. Ukipita karibu na soko na ukasoma bango lolote ukashindwa kuacha kulitazama, ni wao.

Kwa hiyo, Nekesa, uliuliza kama uende. Nenda, ila hutaikuta picha niliyobandika kwenye daftari. Utakuta nyingine, na mwaka kesho nyingine tena. Neno nililoandika nililiacha kwanza kwa aibu, kisha kwa ukaidi. Lifute wewe. Usiandike lingine mahali pake ukiwa umekaa dawatini. Fika kwanza, weka kiganja kando ya mlango, na umalize. Kwenye safu ya Mwaka niliandika mmoja kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya mmoja. Chora fomu nyingine.

Kona ya chini, upande wa jikoni, ni yangu. Huwezi kuikosa. Nimekwenda kila Desemba tangu wakati ule, na Mama Nafula hajawahi kuniruhusu kupita goti. Miaka yote nilikuwa natorokea huko kwa fomu za likizo zenye sababu za uongo. Mwaka huu ni wa kwanza nisiohitaji kumwomba mtu ruhusa, na sijui la kufanya na uhuru huo, maana Novemba ndiyo kwanza imeanza. Wiki hii nimempigia mara mbili kuuliza kama udongo umechimbwa. Leo asubuhi nimempigia ya tatu.

"Bado, papa," alisema. "Kaa chini. Nitakuita."

Nimekaa. Ndiyo maana kurasa zimekuwa nyingi. Ndoo yangu iko mlangoni tangu Jumatatu, na nguo zangu kuukuu za kukandikia ndani yake.